Bledi tatu, poti mbili kila moja: nigawe vipi mtandao wa ESXi?

BintiWaAhero

Habari za jioni wadau. Niko Kisumu, nasimamia mitambo ya sacco moja ya wakulima wa miwa. Idara nzima ya kompyuta ni mimi, mwanafunzi mmoja wa atachimenti, na feni ya mezani.

Mwaka huu bodi ilikubali tuachane na zile seva tatu zilizokuwa zimesimama chini ya meza ya mhasibu. Tukanunua chasisi ya HP c7000 (kabati la chuma la kuchomekea seva) iliyokwisha kutumika, kutoka Nairobi. Ilipofika tuliita vijana sita kuipandisha ghorofa ya kwanza. Tulipoiwasha, feni zake zote kumi zikanguruma kwa pamoja, keshia wa chini akatoka nje kutazama ni ndege gani imekosa njia ya uwanjani.

Ndani mna bledi tatu za BL460c, yaani seva nyembamba zinazochomekwa humo, na hapo ndipo raha yangu inapokwisha. Kila bledi ina poti mbili tu za mtandao, zile za kwenye ubao wenyewe. Nafasi za kadi za mezanini (kadi ndogo za kuongeza poti) ziko mbili kwa kila bledi, zote tupu. Aliyetuuzia alisema kadi "zinakuja wiki ijayo", na wiki hiyo sasa ina miezi mitano. Nyuma ya chasisi nina swichi mbili ndogo za Etheneti za gigabiti moja, katika nafasi ya 1 na ya 2. Kila moja imetoa kebo moja kwenda swichi kuu ya ofisi, ambayo nayo ni moja tu.

Seva zangu za zamani zilikuwa na poti sita kila moja. Kila kazi ilikuwa na kebo yake: bluu ya usimamizi, nyekundu ya stoo ya diski, manjano ya mashine pepe (kompyuta za programu zinazoishi ndani ya seva), kijivu ya vMotion (kuhamisha mashine pepe toka seva moja hadi nyingine bila kuizima). Ukiingia chumbani unajua kila kitu kinapita wapi kwa kuangalia rangi. Sasa nina poti mbili na kazi nne.

Kinachotakiwa kupita ni hiki: usimamizi wa ESXi (programu ya VMware inayoendesha mashine pepe kwenye kila bledi), vMotion, iSCSI (njia ya kufikia diski kupitia mtandao) ya kwenda kwenye stoo, na mashine pepe kumi na nne, zikiwemo hifadhidata ya akaunti za wanachama na seva inayohudumia tawi la Ahero na la Muhoroni. Leseni ni Essentials Plus ya zamani, ile ya kudumu, kwa hiyo swichi pepe (swichi za ndani ya programu) nilizo nazo ni za kawaida tu.

Nilichofikiria: poti ya kwanza niipe iSCSI peke yake, ya pili ibebe yote yaliyobaki. Lakini nikifanya hivyo, swichi moja ndogo ikifa nimepoteza ama diski zote ama watu wote. Malipo ya miwa yakitoka, foleni hufika nje kwenye jua, na jua la Kisumu mnalijua. Sitaki kuwa mtu wa kutoka nje kuwaambia mtandao umelala.

Nyinyi mnagawaje?

Kipkaren_IT

Dada, shida yako ni kadi, si mpangilio. Mbane huyo muuzaji. Mezanini ya kwanza itakupa poti zinazotokea nafasi ya 3 na ya 4 nyuma ya chasisi, lakini kumbuka utahitaji swichi nyingine za kuweka huko. Kadi bila swichi nyuma yake ni pambo.

Kwa sasa unganisha zile poti mbili ziwe njia moja ya gigabiti mbili, kisha pitisha yote humo.

Mzee_Section58

Salamu kutoka Nakuru. Dada, pole na hongera kwa pamoja. Nimelea chasisi kama hiyo miaka mingi, niache nikujibu kwa kituo.

Kwanza sahau zile rangi. Najua zinakupa amani, mimi pia nilizipenda. Kwenye bledi kebo huioni, imechapwa ndani ya ubao wa kati wa chasisi: poti ya kwanza ya kila bledi huenda swichi ya nafasi ya 1, ya pili huenda swichi ya nafasi ya 2. Huwezi kuhamisha. Kwa hiyo kinachogawa kazi ni lebo ya VLAN (namba inayotenganisha mitandao ndani ya kebo moja), na poti zote mbili zinabeba lebo zote. Ukishakubali hilo, swali lako linabadilika. Huulizi tena kazi ipi ipewe poti ipi. Unauliza kila kazi ilale poti ipi siku za amani, na ikimbilie ipi siku ya vita.

Mimi ningefanya hivi. Swichi pepe moja tu, vSwitch0, yenye vmnic0 na vmnic1, ndivyo ESXi inavyoziita zile poti mbili. Usimamizi, VLAN 10: vmnic0 iwe Active (inafanya kazi), vmnic1 iwe Standby (inasubiri mwenzake afe). vMotion, VLAN 20: kinyume chake, vmnic1 ndiyo Active. Mashine pepe: zote mbili Active, na njia ya kugawa iache ile ya kawaida inayofuata poti ya swichi pepe. Mashine moja itaangukia poti hii, nyingine ile, bila wewe kushika chochote. Mpangilio huu unauweka kwenye kila kundi la poti (kundi moja kwa kila kazi). Usiuweke kwenye swichi pepe nzima.

Kuna faida ya vMotion kulala vmnic1 kwenye hosti zote tatu (yaani bledi zako) ambayo watu huipita bila kuiona. Zote zikitumia poti ya pili, mzigo unatoka bledi hadi swichi ya nafasi ya 2 na kurudi bledi nyingine, haugusi kabisa ile kebo yako moja ya kwenda swichi kuu. Ukikosea hosti moja tu ukaigeuza, kila uhamisho unaoihusu utatoka nje ya chasisi, uzunguke swichi kuu, urudi. Hautavunjika. Utakuwa mzito tu, nawe utakaa wiki nzima unatafuta mchawi.

iSCSI ndiyo yenye masharti. Hiyo usiipe Standby. Tengeneza makundi mawili: moja lina vmk2 (poti pepe ya hosti yenyewe) yenye vmnic0 peke yake, vmnic1 iwe Unused (isitumike kabisa). La pili lina vmk3 yenye vmnic1 peke yake, vmnic0 Unused. Kazi ya kukimbia hatari kwenye iSCSI inafanywa na njia mbili za diski zenyewe, kadi isiingilie. Na kama stoo yako ina poti mbili, usizipeleke swichi kuu. Chomeka moja kwenye poti ya nje ya swichi ya nafasi ya 1, nyingine kwenye ya nafasi ya 2. Zipe subneti mbili tofauti, tuseme VLAN 31 inayoishi swichi ya 1 tu na VLAN 32 inayoishi swichi ya 2 tu. Kwa subneti mbili hata ile kazi ya kufunga poti za iSCSI huihitaji. Kisha weka Round Robin, njia hizo mbili za diski zipokezane.

MTU (ukubwa wa juu wa kipande cha data) iache 1500 mpaka kila kitu kitembee. Wanaoanza na 9000 siku ya kwanza ndio huniita usiku.

Sasa kasi. vMotion ikiachiwa itakula gigabiti nzima, na kwenye vmnic1 kuna nusu ya iSCSI yako pale. Swichi pepe ya kawaida inakuruhusu kubana mzigo unaotoka tu, si unaoingia, lakini kwa vMotion inatosha maana kila anayetuma amebanwa kwake. Mimi ningeweka 400000, hapo wanahesabu kwa kilobiti. Mashine yenye RAM ya GB 16 itahama kwa kama dakika sita badala ya mbili na nusu. Nani anakukimbiza?

Kabla ya yote, ingia `esxtop`, bonyeza n, uangalie unatumia kiasi gani hasa siku yenye kazi. Wengi wanaolia poti hazitoshi hawajawahi kupima.

Na ndugu Kipkaren, hiyo ya kuunganisha poti mbili ziwe moja haitafanya kazi hapa. Swichi pepe ya kawaida ikitumia hesabu ya IP (kuchagua poti kwa anwani za IP) inataka kebo zote mbili ziingie swichi moja, au swichi mbili zilizoungana kuwa moja. Hizi zake ni mbili, kila moja na akili yake. Anwani moja ya MAC (kitambulisho cha kadi ya mtandao) itaonekana mara huku mara kule, na swichi kuu itachanganyikiwa. Hata ingewezekana, mazungumzo ya mashine mbili yangepita kebo moja tu, gigabiti ile ile.

Kipkaren_IT

Mzee nimenyamaza. Nilizoea seva za kawaida na swichi mbili zilizounganishwa kuwa moja.

BintiWaAhero

Mzee, asante sana. Nilipima jana, ambayo kwa bahati ilikuwa siku ya malipo. Kwa hosti yenye kazi kuliko zote, mashine pepe na iSCSI kwa pamoja hazikufika megabiti 200. Nikacheka peke yangu. Miezi mitano nimemkasirikia mtu kwa kadi ambazo huenda nisingezijaza.

Halafu nikaharibu. Niliona VLAN 10 ni jambo dogo, nikaanza nalo kutoka nyumbani Mamboleo, saa nne usiku. Nikafungua hosti ya tatu, nikaandika 10 kwenye kundi la usimamizi, nikahifadhi. Hosti ikapotea. Swichi zilikuwa bado zinapeleka usimamizi bila lebo, nami nimeiambia hosti isikilize lebo tu. Ni kama kubadilisha lugha ya mlinzi bila kuwaambia wageni.

Nikachukua bodaboda kwenye mvua. Nimefika nimelowa mpaka betri ya simu, nikachomeka kibodi na skrini mbele ya bledi kwa ile kebo yake maalumu, nikabonyeza F2, nikaingia mipangilio ya mtandao wa usimamizi, nikafuta 10, hosti ikarudi. Dakika mbili. Mashine zilizokuwa juu yake hazikuguswa, lakini moyo wangu uliguswa.

Swali: utaratibu sahihi wa kuhamia kwenye lebo ni upi, nisirudie?

Mzee_Section58

Pole sana. Mbele ya chasisi kuna kiskrini kidogo, na nyuma kuna Onboard Administrator (kidhibiti cha chasisi) yenye poti yake ya mtandao. iLO za bledi zote, yaani njia ya kufungua skrini ya bledi ukiwa mbali, hupita hapo. Hazitumii hata moja ya zile poti zako mbili. Kama hiyo poti ungekuwa umeichomeka, ungefungua iLO ukiwa kitandani na kubonyeza F2 hiyo hiyo. Ichomeke kesho, kwenye swichi ambayo haihusiani na kazi hii.

Utaratibu: anza nje, malizia ndani. Kwanza swichi kuu ianze kubeba VLAN 10 kwa lebo kwenye zile poti za kwenda chasisi. Kisha swichi ndogo, upande wa juu, halafu upande wa bledi. Bledi moja kwa wakati, na poti moja kwa wakati. Unaipa vmnic1 lebo kule kwenye swichi ya 2 huku vmnic0 bado iko kama zamani. Hosti inabaki hewani kwa poti ya kwanza. Unajaribu kwa kutengeneza vmk ya muda kwenye VLAN 10 kupitia vmnic1. Ikijibu, ndipo unahamisha ile kuu. Ni kuvuka mto kwa mawe, hunyanyui mguu wa nyuma kabla wa mbele haujakanyaga.

Na hakikisha vmnic0 kweli ndiyo ya nafasi ya 1. Usiamini jina. `esxcli network nic list` itakupa MAC, linganisha na orodha ya poti ndani ya Onboard Administrator.

Webuye_Kaskazi

Naongeza jambo moja ambalo kwenye bledi ndilo huwaumiza watu, na sijaona likitajwa.

ESXi inajua poti imekufa kwa kuangalia kama taa ya kiungo imezima. Kwenye seva ya kawaida ni sawa, kebo ikikatika taa inazima. Kwenye bledi, kiungo anachokiona ni kile cha ndani, baina ya bledi na swichi ndogo. Sasa fikiria mtu amegonga ile kebo inayotoka swichi ya 1 kwenda swichi kuu. Swichi ya 1 iko hai, inapata stima, taa ya ndani inawaka kijani. Hosti inaona vmnic0 ni nzima kabisa na inaendelea kutuma huko. Nusu ya mashine zako zinaongea na ukuta. Haikimbilii Standby maana kwake hakuna kilichokufa.

Ile njia ya kutuma ishara za kujaribu inataka angalau kadi tatu ili ijue nani mkosaji. Kwa mbili haisaidii.

Dawa ni kuiambia swichi ndogo: ukipoteza kebo ya juu, zima na poti za ndani. Kwenye Virtual Connect inaitwa Smart Link, Cisco huiita Link State Tracking, kwenye swichi nyingine za bledi ni Uplink Failure Detection. Tafuta yako ina jina gani, uiwashe.

Pia poti za kwenda bledi zitoe kwenye kusubiri kwa spaningi trii (kanuni ya swichi ya kufunga njia zinazozunguka), zianze kupitisha mara moja. Swichi pepe haishiriki mchezo huo. Usipofanya hivyo, swichi ndogo ikiwashwa upya, taa itawaka, hosti itarudisha mizigo kwake, na kwa sekunde 30 swichi itakuwa inaitazama tu.

BintiWaAhero

Webuye, umeniokoa na umenitia wasiwasi kwa mkono mmoja. Nimeipata kwenye swichi zangu, ipo. Lakini nilipokuwa nakaribia kuiwasha nilichora kwenye karatasi kwanza, na kuna kitu kinanisumbua. Nirekebisheni.

Stoo yangu sasa imechomekwa kwenye zile swichi ndogo, kama Mzee alivyoelekeza. Swichi kuu ni moja. Tuseme swichi kuu imewashwa upya, au stima imepotea na UPS ya chumba kile imezeeka. Kebo zote mbili za juu zinakufa kwa pamoja. Swichi ya 1 inazima poti zake za ndani, swichi ya 2 nayo inazima zake. Basi hosti zote tatu zimepoteza diski! Stoo iko hai, swichi ndogo ziko hai, bledi ziko hai, na tumekata wenyewe daraja lililo baina yao. Bila hiyo kinga, swichi kuu ikilala matawi yangekatika tu, mashine zikaendelea kusubiri.

Au nimekosea kuchora?

Webuye_Kaskazi

Hujakosea. Mimi stoo zangu ziko nyuma ya swichi kuu, kwa hiyo sijawahi kukutana na hilo. Kwako ningeacha kuiwasha.

Mzee_Section58

Dada amechora vizuri kuliko mimi, maana mimi ndiye niliyemwambia achomeke stoo pale na sikufika huko mbele. ESXi ikipoteza njia zote za diski inangoja sekunde 140 ndipo inaanza kukataa maombi mengine, lakini mashine pepe za Linux zinaweza kugeuza diski zao kuwa za kusoma tu, na hifadhidata haipendi mchezo huo.

Kwa chasisi yako kuna njia ya tatu. Swichi ya nafasi ya 1 na ya 2 zina njia ya ndani inayoziunganisha, ubavu kwa ubavu. Wengi huiacha imezimwa. Iwashe, iruhusu VLAN 10, 20 na za mashine pepe, na usiruhusu 31 wala 32. Hapo una pembetatu: swichi kuu, swichi ya 1, swichi ya 2. Spaningi trii itaifunga ile njia ya ubavuni wakati wa amani. Kebo ya juu ya swichi ya 1 ikikatika, njia ya ubavuni inafunguka, na mizigo ya vmnic0 inapita kwa jirani hadi swichi kuu. Hosti haijui lolote, na haihitaji kujua. Swichi kuu ikilala yote, bledi bado zinaonana na stoo iko pale pale.

Ila spaningi trii iwe inafanya kazi KABLA ya kuwasha hiyo njia, na iwe ile ya haraka. Swichi kuu ipe kipaumbele cha 4096 ili iwe mzizi (kiongozi wa spaningi trii) bila ubishi. Ukiwasha pembetatu bila hiyo umeunda kitanzi, data inazunguka bila kuisha.

Webuye_Kaskazi

Hilo la kitanzi msilichukulie mzaha. Chuo kimoja nilikofanya kazi, mtu alichomeka kebo moja ncha zote mbili kwenye swichi ya maabara "isipotee". Taa zote za jengo zikawaka pamoja bila kupepesa, kama Krismasi. Tulizunguka tukichomoa kebo moja moja mpaka saa kumi jioni.

BintiWaAhero

Nimerudi na majibu. Jumamosi usiku nilifunga kazi na yule kijana wa atachimenti. Yeye alikuwa na kompyuta yenye madirisha manne ya ping: hosti, hifadhidata, stoo, na lango la tawi la Ahero. Mimi nilikuwa nyuma ya chasisi na tochi mdomoni, maana taa ya chumba kile imewekwa mahali pasipo na akili.

Kuhamia kwenye lebo kulichukua saa moja unusu kwa hosti zote tatu, poti moja kwa wakati, na hakuna hosti iliyopotea. MAC nilizilinganisha. Mbili ziko sawa, na ya tatu vmnic0 yake ndiyo inayokwenda nafasi ya 2. Sijui nani aliigusa kabla yetu. Mzee, ningeamini jina, ningekuwa natafuta mchawi wako mpaka sasa. Nimeigeuza kwenye makundi yote ya hosti hiyo na nikabandika plasta mbele ya bledi: ZIMEGEUKA.

Kisha spaningi trii, kisha njia ya ubavuni. Nilipoiwasha nilishika pumzi. Taa ikawaka, swichi ya 2 ikaifunga upande wake, kimya.

Jaribio la kwanza: nilichomoa kebo ya juu ya swichi ya 1. Kijana akasema "mbili". Ping mbili za Ahero zimepotea, halafu zikaendelea. Ya stoo hata haikutikisika. Jaribio la pili: nilizima swichi ya 1 yenyewe. Hapo taa za vmnic0 zilizima kweli, usimamizi ukahamia vmnic1, na kwenye vCenter (programu ya kusimamia hosti zote) njia moja ya diski ikaonyesha imekufa, nyingine ikabeba. Nilipoiwasha tena, ping tatu zilipotea wakati wa kurudi, na nikagundua bledi ya pili nilisahau kuitoa kwenye kusubiri. Nimerekebisha.

La tatu ndilo nililoliogopa. Niliwasha upya swichi kuu. Ahero ilikatika dakika nne nzima, Muhoroni pia. Nikaenda kwenye iLO, ambayo sasa ina kebo yake, nikafungua skrini ya hifadhidata. Ilikuwa inaandika. Nikakaa chini kwenye sanduku la UPS nikanywa soda iliyokwisha kupata moto.

vMotion nimeibana 400000. Nilihamisha hifadhidata mchana wa Jumatatu kukiwa na watu, ikachukua dakika sita na kitu, hakuna keshia aliyeinua kichwa.

Kipkaren_IT

Safi sana dada. Na bakapu zinapita wapi?

BintiWaAhero

VLAN 10, saa nane usiku. Hiyo bado sijaipenda, maana kidude cha bakapu kiko nyuma ya swichi kuu na kinajaza ile kebo moja ya nafasi ya 1. Swichi ndogo zina poti za nje nyingine hazina kazi, nafikiria kuongeza kebo ya pili kila upande na kuziunganisha baina ya swichi ndogo na swichi kuu.

Mzee_Section58

Hapo ndipo maneno ya Kipkaren yanapofaa. Kebo mbili, kutoka swichi moja ndogo hadi swichi moja kuu, LACP (kanuni ya kuzifanya kebo mbili zifanye kazi kama moja). Ongeza upande wa 1 kwanza, uache upande wa 2 ukibeba kazi.

Kipkaren_IT

Nilijua nitafaa siku moja.